Kabla ya Kufungua Akaunti, Mtafuteni Atakayeitumia Ramani

Hotuba kwa viongozi wa asasi za kiraia na vikundi vya kijamii. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Slaidi zimeachwa.

Ndugu viongozi wa asasi, maofisa maendeleo ya jamii, vijana mnaojitolea, akina mama wa vikundi vya mtaani: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwenu nyote habari za asubuhi. Itifaki imezingatiwa.

Tumeitwa kuzungumza juu ya zana za mtandaoni na watu wanaojitolea kupitia mtandao, na jinsi asasi ndogo isiyo na fedha nyingi inavyoweza kuwatumia kwa manufaa ya jamii. Zana ni nyingi. Leo tushike moja tu, ramani ya wazi iitwayo OpenStreetMap, kwa sababu Afrika Mashariki imeifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 15 na makosa yake tunayajua. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Mwenye akaunti yeyote anaweza kuongeza barabara, nyumba au kisima, na mtu yeyote anaweza kuichukua data yake bure, mradi ataje ilikotoka.

Nina swali moja la kuwauliza, na nitalirudia mpaka mlichoke. Nani atachukua hatua?

Twendeni mkoa wa Mara. Shule zikifungwa Desemba, katika baadhi ya koo ndio huwa msimu wa ukeketaji. Tangu mwaka 1998 sheria inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini sheria iko vitabuni na kisu kiko kijijini. Msichana anakimbia usiku, au jirani mwenye huruma anapiga simu: kuna mtoto atakeketwa kesho alfajiri, njooni. Anataja kitongoji. Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto yupo, gari lipo, mafuta yapo. Kitongoji kiko wapi? Unaingilia njia ipi? Mvua za vuli zimenyesha, mto unavukwa wapi? Ukifungua ramani ya simu, unaona barabara kuu, unaona mto, kisha weupe mtupu.

Mradi wa Crowd2Map Tanzania ulianza mwaka 2015 kuziba weupe wa namna hiyo. Watu wa kujitolea, wengi wao hawajawahi kukanyaga Tanzania, walikaa mbele ya kompyuta zao wakachora nyumba na njia kutoka picha za setilaiti. Wenyeji wenye simu wakaongeza kile ambacho setilaiti haikioni: jina la kitongoji, shule, zahanati, ofisi ya kijiji. Na asasi ya Hope for Girls and Women, inayoongozwa na Rhobi Samwelly na yenye nyumba salama katika wilaya za Serengeti na Butiama, ikaitumia ramani hiyo kuwafikia wasichana. Simu haikuhitaji hata intaneti njiani, maana ramani hupakuliwa mapema na kukaa ndani ya simu.

Sasa tazameni mpangilio wake. Nyumba salama ilikuwepo. Polisi walikuwepo. Watu wa kumpokea msichana saa nane za usiku walikuwepo. Kilichokosekana ni kujua njia, na ramani ikaja kujibu hilo moja. Asasi ngapi humu ndani zimefanya kinyume chake? Tunafungua akaunti, tunaita vijana, tunachora wiki mbili, tunapiga picha ya pamoja, ndipo tunaanza kumtafuta mtu wa kuitumia. Hapatikani. Ramani inabaki kwenye kompyuta ya ofisi hadi kompyuta inaharibika.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina teknolojia ndani yake. Ni sentensi moja kwenye karatasi. «Tunataka kuweka huduma za jamii kwenye ramani» si swali, hakuna wa kulijibu. Linganisha na hili: «Ni vituo vipi vya maji katika kata yetu havitoi maji leo, vimeharibika nini, na fundi wa jumuiya ya watumia maji atafika kipi kwanza?» Hapa unajua cha kukusanya: mahali kituo kilipo, kinatoa maji au hakitoi, kilichoharibika ni koki, pampu au bomba. Unajua pia usichokusanya. Huhitaji kuuliza kaya ina watu wangapi, huhitaji dini, huhitaji kipato. Na unamjua mtu atakayepokea: fundi, katibu wa jumuiya, mhandisi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani. Nendeni kwake kabla hamjachora hata nukta moja, mkamuulize: tukikuletea orodha hii Ijumaa, utafanya nini Jumatatu? Akikosa jibu, badilisheni swali, au mtafuteni mwingine mwenye jibu.

Jambo la pili ni nani anachora.

Mwaka 2009 Kibera, pale Nairobi, palikuwa na watu wengi sana na ramani karibu tupu. Erica Hagen na Mikel Maron walianzisha Map Kibera kwa kuwafundisha vijana 13, kutoka vijiji vinavyounda Kibera. Walipewa vifaa vya GPS vya mkononi, wakatembea vichochoro vyao wenyewe, wakarudi kuingiza kwenye kompyuta. Kwa nini vijana wa hapo hapo? Kwa sababu picha ya setilaiti ya Kibera inaonyesha bati juu ya bati. Haionyeshi choo cha kulipia, haionyeshi mahali maji ya madumu yanapouzwa, haionyeshi kwamba kichochoro fulani mama hapiti baada ya saa moja usiku. Hayo anayajua anayeishi hapo.

Lakini kuna somo la pili la Kibera ambalo watu hulipita haraka. Nukta zilipokwisha kuwekwa, kazi ilikuwa haijaanza. Wakaaji wengi hawakuwa na kompyuta. Ramani iliyo mtandaoni kwao haikuwepo. Ndipo zikachapishwa ramani za karatasi kwa mada, afya, usalama, elimu, maji na usafi, zikapelekwa kwenye mikutano ya vikundi ili watu wazisome, wazikosoe, waonyeshe zilipokosea. Chapisheni, ndugu zangu. Karatasi ya A1 moja ukutani kwa mwenyekiti wa mtaa inasomwa na watu wengi kuliko kiungo cha mtandaoni mlichotuma kwenye makundi kumi ya WhatsApp. Na muandike tarehe pembeni, ili mtu wa mwakani ajue anasoma hali ya lini.

Nani atachukua hatua? Kama anayechukua hatua anasoma karatasi, basi mpelekeeni karatasi.

Sasa nikae kwa muda kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo asasi nyingi hukwama, na hukwama kwa vitu vidogo.

Kazi ina mikono mitatu: mkono wa mbali, mkono wa mtaani, na mkono wa ukaguzi. Mkono wa mbali ni wale wanaochora kutoka picha za setilaiti au za droni. Timu ya Kibinadamu ya OpenStreetMap, inayojulikana kwa kifupi kama HOT, ilisajiliwa mwaka 2010 baada ya tetemeko la Haiti, na ina mtambo wa kugawa kazi mtandaoni. Eneo lenu linakatwa vipande vya mraba. Mtu anachukua mraba mmoja, unafungwa kwa jina lake ili mwingine asiuguse, na asipomaliza ndani ya saa 2 unafunguka wenyewe. Anachora, anautangaza umekamilika, kisha mkaguzi mwingine anaupitia na kuuthibitisha au kuurudisha. Vyuo vikuu vina matawi ya YouthMappers, mtandao wa wanafunzi wachora ramani ulioanza mwaka 2015. Mashirika ya Missing Maps, yaani MSF (Madaktari Wasio na Mipaka), Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza pamoja na HOT, yamekuwa yakifanya kazi hii tangu 2014. Watu wa kuwasaidieni wapo, na wanafurahi kupata kazi yenye mwenyewe anayeihitaji.

Lakini wapeni maelekezo. Mtu wa Berlin au Toronto hajui kijiji chenu kinafananaje kutoka juu. Atachora zizi la mviringo la ng'ombe kama nyumba. Ataona safu ya vyumba sita vya kupanga chini ya bati moja na kuchora nyumba moja, au kinyume chake. Atachora kivuli badala ya ukuta. Dawa yake ni ukurasa mmoja wenye picha tano kutoka eneo lenu hasa: hii ni nyumba, hili ni zizi, huu ni mti wenye kivuli, hii ni njia ya miguu, hii ni barabara ya gari. Mwambieni pia kwamba nyumba ya pembe nne ikishachorwa, anabonyeza herufi Q pembe zinyooke, na msonge anabonyeza O uwe duara. Vitu hivyo viwili tu vinampunguzia mkaguzi kazi kubwa.

Kuna kosa moja la siri zaidi, nalo ni picha kuhama. Picha ya setilaiti hupigwa kwa pembe, na ardhi yenye miinuko huisogeza. Picha inaweza kuwa imekaa mita kadhaa pembeni ya mahali halisi. Wachoraji wawili wakitumia picha mbili tofauti, kila mmoja atachora kijiji chake, na barabara itapita katikati ya sebule za watu. Kabla hamjaanza, mtu mmoja atembee na GPS kwenye njia panda mbili tatu zinazoonekana vizuri kutoka juu, mlinganishe mstari wake na picha, kisha muandike kwenye maelekezo: tumieni picha fulani, isogezeni kiasi fulani upande fulani. Kazi ya asubuhi moja. Ikiachwa, mtarekebisha nyumba elfu moja baadaye.

Na la mwisho kwa mkono wa mbali: msinakili kutoka Google Maps. Wala jina la duka, wala mstari wa barabara. Leseni yake hairuhusu, na OpenStreetMap wakigundua, kazi yote ya akaunti hiyo inaweza kufutwa. Kila mtu awe na akaunti yake, msitumie akaunti moja ya ofisi watu kumi. Na kama mnawalipa watu kuchora, tangazeni mradi wenu wazi, lengo lake na akaunti zinazohusika. Jumuiya ya OpenStreetMap ina miongozo ya jambo hilo tangu 2018, na jumuiya iliyoarifiwa mapema huwa msaada, isiyoarifiwa huja na malalamiko.

Tuje mkono wa mtaani, na hapa nitawapeleka Dar es Salaam.

Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi walichora kata ya Tandale. Desemba ya mwaka huo huo mvua kubwa ikapiga jiji, watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha, na wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, uliowaunganisha Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Msalaba Mwekundu, HOT, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Ardhi, pamoja na wakazi wa kata zenyewe. Swali lao lilikuwa wazi: maji yakija, yatapita wapi na yatawakuta nani?

Kwa swali hilo, nyumba na barabara hazitoshi. Lazima mtaro upimwe. Vijana wawili, utepe wa kupimia, simu moja. Mmoja anapima, mwingine anaandika: upana wa juu, kina, umejengwa kwa zege, mawe au ni udongo mtupu, umeziba kwa taka au la. Wanafuata mtaro mpaka mwisho wake, maana jibu mara nyingi liko mwishoni. Mtaro mpana wa mita moja unafika barabarani na kuingia kwenye kalavati la nusu ya upana huo. Mtaro mwingine unaishia chini ya ukuta wa nyumba na hauendelei popote. Hapo ndipo mafuriko yanapozaliwa, na hakuna setilaiti itakayokuonyesha. Na mkumbuke jambo hili mnapochora: kwenye OpenStreetMap mstari wa mtaro au mto huchorwa kuelekea maji yanakokwenda. Ukiuchora kinyume, kompyuta ya mtaalamu wa mafuriko itadhani maji yanapanda mlima.

Mkimuuliza mkazi kuhusu kina cha maji, msimuulize sentimita. Muulizeni yalifika wapi mwilini: kifundo, goti, kiuno, kifua. Hapo kumbukumbu ni safi. Kisha muonyeshwe alama ukutani, mpime.

Mlangoni mwa watu hamuendi wenyewe. Barua inatoka halmashauri, inapita kwa mtendaji wa kata, inafika kwa mwenyekiti wa mtaa, na mtaani mnaongozana na mjumbe wa shina. Mjumbe anajua mpaka wa shina lake kwa kutembea, mpaka ambao haumo kwenye ramani yoyote ya serikali, na Ramani Huria walichora mipaka hiyo kwa kutembea na wajumbe. Mfanyeni mjumbe mshiriki wa kazi, na posho yake iwepo kwenye bajeti kama ya mwingine yeyote.

Je, mmejiuliza kwa nini mtu humfukuza kijana mwenye fulana nzuri na kishikwambi? Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, nyumba za bonde la Msimbazi ziliwekwa alama ya X na kubomolewa. Mtu aliyeona hayo akiona mgeni anapiga picha ukuta wake na kuandika, ana haki ya kuogopa. Kwa hiyo mkutano wa mtaa unafanyika kabla. Mnaeleza mnachoandika, msichoandika, na nani atakiona. Kama halmashauri inaweza kuitumia ramani hiyo kuhamisha watu, semeni hivyo kwa uwazi. Watu wakiamua baada ya kuelewa kwamba hawataki, basi hamchori. Asasi inayoficha hilo ili ripoti ya mfadhili ikamilike inawauza watu wake.

Kuhusu simu na fomu niseme kwa haraka. KoboToolbox na ODK, zana za kujaza fomu kwa simu, hufanya kazi bila mtandao na hutuma mtandao ukirudi. Fomu mnaiandika kwenye jedwali la Excel. Ijaribuni kwenye simu ya bei ya chini kuliko zote mtakazotumia. Fomu isichukue nukta mpaka usahihi wa GPS ufike mita 5 au chini, na mchukuaji asimame nje, mbali na bati, asubiri. Ukiwasha GPS mara ya kwanza asubuhi inaweza kuchukua dakika kadhaa. Anayeharakisha anaandika nyumba ya jirani. Pakueni ramani ya eneo kwenye Organic Maps au OsmAnd kwa Wi-Fi ya ofisini, msimalizie bando njiani. Power benki moja kwa kila simu mbili. Na picha msizitume kwa WhatsApp kama picha za kawaida: WhatsApp huzibana na kuondoa taarifa ya mahali zilipopigwa. Zipitie kwenye fomu, au zitumwe kama faili.

Majina yaulizwe kwa watu wawili, akiwemo mwanamke mzee mmoja. Vijiji vingi vina jina la serikali na jina la wenyeji, na anayepiga simu ya dharura usiku atataja la wenyeji. Yote mawili yaandikwe, kila moja kwenye sehemu yake. OpenStreetMap ina nafasi ya jina kuu na nafasi ya jina mbadala.

Mkono wa tatu, ukaguzi, ndio unaodharauliwa. Vijana wanapenda kuchora, hawapendi kukagua. Lakini data isiyokaguliwa ikimdanganya mwenyekiti mara moja, hataiamini tena. Chagueni wakaguzi wachache wavumilivu, muwafundishe JOSM, programu ya kompyuta ya kuhariri ramani, ambayo huipitia data na kuonyesha nyumba zilizopandiana, barabara ambazo hazijaungana, nukta zilizojirudia. JOSM inawafaa pia wenye bando dogo, kwa sababu unapakua eneo, unafanya kazi bila intaneti, unapakia mwishoni. Hatari yake moja: ukikaa na faili siku nyingi na mwingine akahariri hapo hapo, mtagongana. Pakieni kila jioni. Na mkaguzi anapomrudishia mgeni kazi, amwandikie nini cha kurekebisha, kwa lugha ya upole. Mgeni aliyekemewa siku ya kwanza harudi.

Ndugu zangu, kuna aina nyingine ya ramani, ile ya taarifa za haraka kutoka kwa umma. Januari 2008, Kenya ikiwaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walitengeneza Ushahidi ndani ya siku chache: raia anatuma ripoti kwa SMS au mtandaoni, ripoti inaonekana kwenye ramani. Miaka miwili baadaye programu hiyo hiyo ikatumika Haiti. Watu walituma ujumbe kwa namba 4636, kwa Kikrioli, na Wahaiti walioko ughaibuni wakautafsiri na kueleza uko mtaa gani. Teknolojia ilitoka Nairobi, lakini aliyejua kwamba mtaa unaotajwa uko nyuma ya soko fulani alikuwa mtu wa Port-au-Prince aliyekaa Marekani au Kanada.

Mkitaka kufanya jambo la namna hii, kwa mafuriko au kwa uchaguzi, jihadharini. Kufungua mfumo ni kazi ya saa chache. Kuuendesha ni kazi ya watu. Mnahitaji wa kupokea, wa kutafsiri, wa kutafuta mahali, wa kuthibitisha, na wa kupiga simu kwa anayeweza kwenda. Watu hao wapeane zamu za saa nne, si zaidi, maana anayesoma habari za vifo saa nane mfululizo hukosea na huumia. Ujumbe uliosambazwa WhatsApp ukawafikia mara 50 bado ni chanzo kimoja. Chanzo cha pili ni mtu mwingine aliyeona kwa macho yake, au picha yenye kitu kinachotambulika. Ripoti isiyothibitishwa iwekewe alama hiyo, na wakati wa ghasia isichapishwe kabisa mahali inapoweza kuwasha moto.

Na hapa swali langu linauma zaidi kuliko mahali pengine. Mama amewatumia ujumbe kwamba amezingirwa na maji na watoto watatu. Ameona namba yenu kwenye tangazo, ameamini. Nani atachukua hatua? Kama hamna makubaliano na Msalaba Mwekundu, Zimamoto au ofisi ya wilaya, yenye jina la mtu na namba inayopokelewa usiku, msitangaze namba. Mmemfanya mama yule asubiri badala ya kukimbia.

Nizungumzie usiri, na hapa naomba utulivu.

OpenStreetMap inaonekana na ulimwengu mzima, na kitu kikifutwa, historia yake hubaki. Nyumba salama ya wasichana haiwekwi humo. Haiwekwi kwa jina, haiwekwi kwa jina la kificho, haiwekwi «kwa muda». Nyumba ya mtu mwenye VVU, ya aliyebakwa, ya aliyetoa ripoti polisi: haiwekwi. Majina na namba za simu za wakazi hayawekwi. Gaweni data yenu makapu mawili tangu siku ya kwanza. Barabara, visima, shule, zahanati na mitaro ni vya wote, viende kwenye ramani ya wazi. Kila kinachomhusu mtu binafsi kibaki kwenye mfumo uliofungwa, kwa watu wachache wenye majina yao kwenye orodha, na kifutwe kazi ikiisha. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na asasi haijasamehewa kwa sababu ni asasi. Hakikisheni mradi wenu wa Kobo haujawekwa wazi kwa umma, na kila simu ya uwandani ina nenosiri, maana simu hupotea.

Mwisho ni utunzaji. Mwaka 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, ilivunjwa, na kazi nyingi zilizotegemea fedha zake zilikatika katikati. Data iliyokuwa kwenye mifumo ya mradi mara nyingi huzimika na mradi. Iliyo kwenye OpenStreetMap ipo, na kampuni ya Geofabrik hutoa nakala mpya ya nchi nzima kila siku, bure. Hiyo ni sababu nzuri ya kuweka vya umma mahali pa umma. Lakini ramani huzeeka. Kisima hukauka, daraja husombwa, shule hubadilishwa jina. Pangeni tangu sasa mtu na msimu: baada ya masika vivuko vinapitiwa, Januari shule, kila robo mwaka vituo vya maji. Vijana wawili wenye StreetComplete, programu ya kujazia ramani, kwenye simu zao na nauli ya siku mbili wanatosha kwa kata moja ndogo. Na nywila za akaunti za asasi zikae na watu wawili. Zikikaa na kijana mmoja, siku anapopata ajira mkoa mwingine ameondoka na asasi mfukoni.

Kwenye kila meza kuna kadi yenye mistari mitatu. Wa kwanza, andikeni swali lenu. Wa pili, cheo na ofisi ya atakayechukua hatua. Wa tatu, siku ya wiki ambayo yuko tayari kupokea taarifa. Baada ya chakula, walimu wetu watakaa pale dirishani na kompyuta sita. Wenye mistari mitatu iliyojaa wataanza kukata eneo lao vipande vya mraba leo hii. Ambao mstari wa pili uko wazi, msifungue akaunti leo. Chukueni barua ya utambulisho mlangoni, mwende kwa mtendaji wa kata Jumatatu, kisha mrudi. Walimu watakuwepo hapa hadi Alhamisi saa kumi jioni.

Asanteni kwa kunisikiliza.